Petroli ya Bi Ghali

Harufu ya petroli iliyopashwa joto ndani ya debe hunirudisha utotoni upesi kuliko harufu ya chakula chochote. Baba yangu alikuwa na lori kuukuu lenye bodi ya mbao, na kazi yake ilikuwa kubeba ufuta na mtama kutoka Rondo kuushusha Lindi mjini, tulikokaa. Siku zile za utawala wa Mwingereza petroli ilikuja Lindi kwa meli, ikapelekwa bara kwa mapipa na madebe, na kadiri ilivyokwenda mbali na bandari ndivyo bei yake ilivyopanda. Hilo hata mimi, msichana wa miaka kumi, nililielewa. Kilichonishinda ni Mingoyo. Pale njia panda palikuwa na maduka mawili ya petroli yaliyotazamana, mtu wa duka hili akikohoa wa duka lile anamsikia, na bado bei zilikuwa mbili.

Duka moja lilikuwa la Salum, kijana mchangamfu mwenye lori lake mwenyewe. Alishusha mizigo ya watu Lindi, akarudi na madebe ya petroli badala ya kurudi mtupu, na kufika jioni ya kesho yake yote yalikuwa yameuzwa. Baraza yake haikukosa madereva. Duka la pili lilikuwa la Bi Zuhura, mjane mwembamba asiyecheka ovyo. Nyuma ya nyumba, mbali na jiko, alikuwa na ghala dogo la mawe alimoweka madebe yake, na bei yake ilizidi ya Salum mwaka mzima. Madereva walimpachika jina la Bi Ghali. Baba naye alimwita hivyo, tena kwa sauti, tukiwa tumesimama kwa Salum na yule mama anatusikia.

Masika ya mwaka ninaousimulia, mama alikuwa amekwenda Rondo kujifungulia kwa mama yake, nami nikabaki Lindi na baba kwa sababu ya shule. Asubuhi moja, mara baada ya sala ya alfajiri, alikuja mjomba wangu kwa baiskeli, ametapakaa tope hadi kifuani. Hakukubali hata kukaa. Alisema mama ameshikwa na uchungu tangu jana, mtoto amelala vibaya tumboni, na bibi, ambaye alizalisha nusu ya kijiji, amesema kazi hii imemshinda na mgonjwa apelekwe hospitali. Baba alivaa shati akiwa tayari anatembea. Hapakuwa na wa kuniachia, basi nikapandishwa mbele, katikati yake na mjomba.

Mjini petroli ilikuwa imekwisha, kwa kuwa meli ilichelewa. Iliyokuwa ndani ya tangi ingetufikisha Mingoyo na mbele kidogo tu, lakini baba hakuwa na wasiwasi, alimtegemea Salum. Tulipofika tulimkuta Salum amekaa barazani peke yake, mikono magotini. Alisimama akatuambia hana hata tone tangu juzi. Nilimwona baba akitazama ng'ambo ya barabara, kisha akitazama chini. Sijawahi kuona mtu akivuka barabara nyembamba kama ile kwa muda mrefu namna ile.

"Shikamoo, Bi Zuhura," alisema.

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

Baba alianza kumweleza habari ya mama. Bi Zuhura hakumwacha amalize. Alichukua ufunguo kiunoni, akafungua ghala, akasema yamebaki madebe matatu, mawili yatatosha kwenda Rondo na kurudi Lindi. Mjomba akayabeba. Bi Zuhura mwenyewe akashika kitambaa juu ya mdomo wa tangi ili petroli ichujike, akimwamuru baba amimine taratibu, asimwage. Baba alipouliza bei, alitajiwa ileile ya siku zote. Alidhani hakusikia vizuri.

"Leo hakuna mwingine mwenye petroli, bibi. Ungetaja yoyote ningelipa."

"Hii ndiyo bei yangu, wala sina nyingine," alijibu, huku akikaza kifuniko cha tangi. "Salum anauza petroli inayopita. Mimi nauza inayokaa. Ikikaa inapungua, madebe yanaoza kutu, mlinzi anataka mshahara. Mnaponiona ghali wakati wa kiangazi, ni siku kama ya leo ninayoitunza. Haya, nenda kwa mkeo."

Baba alilipa, tukaondoka. Mlima wa Rondo ulitupiga vibaya. Mara mbili tulikwama, na watu wa mashambani wakaja kukata matawi, wakayatandika chini ya magurudumu na kutusukuma. Tulipofika, mama tulimlaza nyuma ya lori juu ya godoro la sufi, bibi akakishikilia kichwa chake mapajani njia nzima, nami nikishika mkono wake uliokuwa baridi kama samaki. Tuliingia hospitali ya Lindi alasiri. Kabla ya magharibi muuguzi alitoka akasema wote wawili wazima, na baba, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia, aliketi kwenye ngazi na kujifunika uso kwa kofia yake.

Mtoto alipotimiza arobaini, mama alimpeleka Mingoyo na kumweka mikononi mwa Bi Zuhura. Baba aliomba radhi mbele ya madereva wote. Kuanzia hapo, kila safari alinunua debe moja kwa Salum na moja kwa Bi Zuhura, hata wakati wa kiangazi, na wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

Mwaka jana mjukuu wangu alinipitisha Mingoyo kwa gari lake. Barabara ni ya lami, nasi tulikuta vituo viwili vya mafuta jirani, bei zimepishana kidogo. Akaingia penye nafuu, nami sikumlaumu, maana malori ya mafuta siku hizi hayakatiki na hakuna mzazi anayesubiri debe. Nashukuru sana kwa hilo. Lakini wakati kijana wa kituo anatujazia, nilimuuliza wanafanyaje siku mafuta yasipofika.

"Tunafunga, bibi," alinijibu kwa adabu. "Tunakwenda nyumbani."

Nilimshukuru. Tulipoondoka nilimwomba mjukuu wangu apunguze redio, nikamsomea Bi Zuhura Fatiha.