Jibini la Sista Odila

Enzi zetu pale Kashozi kila nyumba ilikuwa na harufu yake, na hata ukitufumba macho darasani tungekwambia nani kaingia. Waliotoka kwa wapika rubisi, pombe yetu ya ndizi, walinukia ndizi zilizoiva kupita kiasi. Waliolala jikoni walikuwa na moshi kwenye sweta. Msimu wa kahawa sote tulinuka maganda yaliyoanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, na msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, tulikuwa na mafuta mpaka kwenye madaftari, mwalimu akakataa kuyapokea. Vijana wa leo wanajipulizia manukato ya chupa na wote wananukia sawa. Siwalaumu. Mimi ningeyapata wakati ule ningejimwagia chupa nzima, kwa sababu mimi nilinuka jibini.

Mama yangu, Leokadia, alifanya kazi kwa masista. Baba alikuwa amefariki nikiwa na miaka mitano, akatuacha watoto wanne na kibanja cha migomba na kahawa. Mama alikilima alfajiri kabla ya kwenda kazini, na jioni akirudi alishika jembe tena. Kazi yake ilikuwa kumsaidia Sista Odila, Mfaransa mrefu mwenye mikono mikubwa kama ya seremala. Sista alikuwa na ng'ombe sita, na nyuma ya jiko la masista alikuwa amechimbisha chumba cha chini ya ardhi, chenye ngazi za mawe na ubaridi wa kukufanya utake sweta mchana. Humo walitengeneza kitu ambacho yeye alikiita fromaji, kitabu chetu cha shule kilikiita jibini, na majirani walikiita maziwa yaliyooza.

Sista alizaliwa kwenye milima ya mashariki ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Ujerumani. Jibini la kwao linaitwa munsta. Alitueleza kwamba jina hilo limetokana na neno la monasteri, kwa sababu zamani sana watawa walioishi katika bonde moja la milima hiyo ndio walioanza kulitengeneza. Walikuwa na maziwa mengi kuliko waliyoweza kunywa, na siku nyingi za mwaka hawakuruhusiwa kula nyama. Wakulima wakajifunza kwao. Majira ya joto walipandisha ng'ombe juu mlimani kwenye majani mazuri, wakakaa huko wakikamua na kugandisha, na baridi ilipoanza walishuka na jibini lao. Watu wa upande mmoja wa mlima waliliita munsta, wa upande wa pili wakalipa jina lao, na mpaka Sista anakuja Bukoba walikuwa bado wanabishana ni la nani. Mama alilipenda sana hilo la kubishana. Alisema basi na wao ni watu kama sisi.

Utengenezaji wake haukuwa mgumu kueleza. Maziwa ya asubuhi yalipashwa moto kidogo, yakatiwa maji yaliyolowekwa kipande cha tumbo la ndama, yakaganda. Yakakatwakatwa, yakamiminwa kwenye makopo yaliyotobolewa kwa misumari, maji yakachuruzika. Kesho yake yalitoka mabonge meupe ya mviringo, yakapakwa chumvi na kulazwa kwenye rafu juu ya nyasi zilezile tulizotandika sakafuni nyumbani. Kazi yenyewe ilianza hapo. Kila baada ya siku mbili, kwa wiki nyingi, kila bonge lilipaswa kuoshwa kwa mkono na maji ya chumvi, kusuguliwa taratibu pande zote na kugeuzwa. Ukifanya hivyo, ngozi yake inageuka rangi ya chungwa, inalainika na kunata, na inaanza kunuka. Ukiacha, ukungu unaingia.

Linanuka kama nini, sina namna nzuri ya kusema. Linanuka kama viatu vilivyolowa mvua. Lakini ukilikata, ndani ni laini, la rangi ya siagi, na ladha yake ni ya upole, haifanani kabisa na harufu. Sista alilila na viazi vilivyochemshwa na maganda yake, akinyunyizia bizari nyembamba aliyonunua mjini kwa Mhindi mmoja mwenye duka karibu na soko. Yule mzee alitaka kulionja, lakini alipoambiwa linagandishwa kwa tumbo la ndama, alishukuru kwa adabu na kurudi nyuma ya kaunta.

Mikono ya Mama haikuacha kunuka. Alisugua kwa majivu, kwa majani ya limau, lakini wapi. Alinisuka nywele kwa mikono hiyo, akanifulia sare kwa mikono hiyo. Shuleni wakaniita Justa Miguu. Nilikuwa darasa la tano, umri ambao jina kama hilo lilitosha kukufanya uombe ugonjwa ili usiende shule.

Mwaka huo Sista alianza kuugua. Mikono ilitetemeka, ngazi zikamshinda, ikaamuliwa arudishwe kwao. Mkuu wa masista akamwambia Mama waziwazi: atengeneze jibini peke yake, tangu maziwa mpaka mwisho, kabla Sista hajaondoka. Likitoka vizuri, chumba kitabaki mikononi mwake. Likiharibika, ng'ombe watakuwa wa maziwa ya kunywa tu. Mama akatengeneza mabonge sita. Wiki tatu aliyaosha bila kukosa. Kwenye wiki ya nne, shemeji yake alifariki huko Ngenge, upande wa Muleba, na ilimlazimu aende kukaa na dada yake msibani.

"Justa," aliniambia akifunga kanga, "leo nimeyaosha. Keshokutwa uyaoshe wewe, kisha kila baada ya siku mbili mpaka nirudi. Usisugue kwa nguvu. Unaweza?"

"Naweza, Mama."

Mara ya kwanza niliosha. Nilishika pumzi, nikayaosha yote sita, na kesho yake darasani msichana aliyekaa nami dawati moja akaomba ahamishwe. Mwalimu akamhamisha. Mara ya pili nilishuka ngazi na bakuli la maji ya chumvi, nikasimama mbele ya rafu, kisha nikamwaga maji mlangoni na kupanda juu. Mara ya tatu sikushuka kabisa.

Sista alikuwa akikaa kwenye kiti chake barazani, blanketi magotini. Kila nilipopita aliniuliza, "Umewaosha?" Aliyataja mabonge kama watu.

"Ndiyo, Sista."

"Vizuri, mtoto wangu."

Mama alirudi baada ya siku nane. Hakupitia nyumbani kwanza. Alishuka chumbani na mzigo wake ungali kichwani. Nilimfuata kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia. Mabonge yalikuwa yameota manyoya ya kijivu, na mengine meusi, ngozi imepasuka kama udongo wa kiangazi. Nilisubiri kofi. Mama alitua mzigo, akakaa kwenye ngazi, akayatazama moja moja. Kisha akaomba nimletee kisu na maji.

Matano walipewa nguruwe. La sita alilikwangua, akaliosha, na siku zote zilizobaki akaliosha asubuhi na jioni. Siku moja kabla ya Sista kuondoka, tulimpelekea barazani kwenye sahani, na viazi vya moto na bizari. Mkuu wa masista alisimama nyuma ya kiti. Sista alikata kipande, akakinusa, akakiweka mdomoni. Alitafuna polepole kuliko inavyohitajika kutafuna kitu laini.

"Leokadia," akasema, "hiki hukukiosha wewe."

"Nimekiosha mimi, Sista."

"Mikono yako naijua."

"Ni mimi, Sista. Nilizembea."

Sista akanitazama mimi. Nilitazama chini. Alikata kipande cha pili, akakila, kisha cha tatu, mpaka sahani ikabaki na maganda ya viazi tu. Akasema kina uchungu kidogo, lakini ni munsta. Mkuu wa masista hakubisha, ila mwezi uliofuata chumba kilifungwa na Mama akahamishiwa kwenye kufua nguo. Sista mwenyewe alikuwa ameondoka asubuhi iliyofuata siku ile ya barazani. Baada ya miaka michache tuliletewa habari kwamba amefariki huko kwao milimani. Mama alilia jikoni, akaenda kulima.

Sikulizungumza jambo hilo kwa miaka yote ya shule, ya ualimu, ya kulea wanangu. Sasa nimestaafu, naishi Kahororo, na Mama naishi naye. Miguu yake haimbebi tena, na mgongo wangu haumbebi vizuri, lakini tunasaidiana. Mwaka jana, mchana mmoja wa mvua, nikimlisha uji, nilimwambia. Kwamba mara ya pili nilimwaga maji. Kwamba mara ya tatu sikushuka. Kwamba alipoteza chumba chake kwa sababu yangu.

Alimeza, akapangusa mdomo.

"Matanga yalivunjwa siku ya nne," akasema.

Sikumwelewa. "Matanga gani, Mama?"

"Ya Ngenge. Siku ya nne watu walitawanyika. Mimi nilirudi ya nane."

"Ulikuwa unamliwaza mama mdogo."

"Nilikuwa nimelala," akasema Mama. "Alinipa chumba cha nyuma. Nililala, nikaamka nikala, nikalala tena. Nilijua wewe huwezi ile kazi. Nilikujua. Nikajiambia niamke, niende, nikageuka upande wa pili. Tangu baba yako afariki sikuwa nimelala mchana hata siku moja."

Mvua iliendelea kupiga bati. Alinisogezea bakuli nimpe uji uliobaki.

Sisi wa enzi zile tunapenda kusifu enzi zile. Tulikula vya shamba, tulikwenda shule na majembe, kitu kiliweza kusubiriwa wiki sita kabla hakijaliwa. Leo mjukuu wangu anayefanya kazi mjini Mwanza anaagiza piza kwa simu, ina chizi inayovutika kama ubani wa kutafuna na haina harufu ya kitu chochote, na saa nne asubuhi ananitumia ujumbe: Bibi, leo nimechoka. Zamani nilikuwa nawasomea wenzangu wa jumuiya ya kanisani ujumbe huo na tunacheka wote, wazee wa watu, kwamba kizazi hiki kinachoka kabla jua halijapanda. Mama zetu hawakuwa na wa kumwandikia neno hilo. Walisubiri mtu afe Ngenge ndipo wakapata chumba cha nyuma.

Juzi ameniandikia tena. Sikumwonyesha mtu. Nilivaa miwani, nikatafuta herufi moja moja, nikamjibu: Lala, mwanangu.