Namfahamu kwa Sura

Nakumbuka asubuhi moja bandarini Bukoba, mwanangu, na sijawahi kuikumbuka bila hasira. Wazee wenzangu husema hasira hupoa kadiri mtu anavyozeeka. Yangu haijapoa, wala sijaomba ipoe, kwa sababu ikipoa nitaanza kuisimulia habari hii kama kituko cha ujana. Haikuwa kituko. Asubuhi ile mtu aliharibiwa maisha yake, na mimi nilikuwa hapo hapo, nimevaa tai.

Kwanza ujue nilikuwa nani. Baba yangu alikuwa mpagazi. Alitoka Muleba akiwa kijana, akapanga chumba Bilele, na miaka yote niliyomfahamu alibeba magunia ya kahawa kutoka ghalani hadi melini. Bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto. Mama alilima kipande cha shamba cha kuazima kule Kitendaguro. Mwalimu mmoja wa misheni alinisukuma mbele, nikafaulu, na hatimaye baraza la wakubwa wa wilaya likakubali kunisaidia kwenda chuo kikuu ng'ambo ya ziwa, Uganda, kwa kuwa Tanganyika ya Mwingereza haikuwa na chuo kikuu chake. Baba hakunipa nasaha ndefu. Aliniambia nisirudi bila cheti.

Huko chuoni nilikuta watoto wa machifu na wa madaktari, watu waliojua kutumia uma na kucheza dansi. Mwaka wa kwanza nilimpenda Edisa, binti wa daktari wa huko huko, ambaye alicheza nami Jumamosi mbili. Aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani, nikamjibu kwamba yuko bandarini. Nilimwacha aelewe anavyotaka, naye akaelewa kwamba baba ni ofisa. Alipoujua ukweli hakuudharau upagazi. Alichocheka ni jinsi nilivyouficha, kisha akaenda kucheza na mwingine. Hapo ningejifunza kitu, lakini nilijifunza tu kupiga pasi suruali vizuri zaidi.

Kisha nikampenda Kokugonza. Huyu alikuwa wa kwetu, binti wa mkulima wa kahawa wa Kaagya, Mlutheri kama sisi. Wasichana chuoni walikuwa wachache mno, na yeye alisomea ualimu. Tulijuana maktabani kwa sababu ya kitabu cha historia kilichokuwa na nakala moja tu; yeye alikisoma asubuhi, mimi jioni. Alisoma haraka kuliko mimi na hakulificha jambo hilo. Siku moja alinirudishia insha niliyompa aitazame, akaniambia kwa Kihaya kwamba nimejaza kurasa sita kwa jambo la nusu ukurasa. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda kumtafuta.

Jumapili baada ya ibada tulitembea mlimani nyuma ya mabweni, tukizungumza taratibu kama watu wanaokula senene waliotumwa kutoka nyumbani, ambao hawataki waishe. Alinitania kwamba nimejua kufunga tai kabla sijajua kucheka. Mwaka ulipokwisha tulikuwa tumekubaliana kwamba nikimaliza masomo nitatuma wazee kwao Kaagya. Hatukumwambia mtu. Nilisema ni kwa ajili ya heshima yake, naye alinikubalia.

Sasa nifike bandarini. Siku zile wakubwa wetu walikuwa na hofu moja kubwa, kwamba mwanamke wa Kihaya akipanda meli peke yake anakwenda kuuza mwili mijini na kuliaibisha kabila zima. Basi wakaweka mtu getini awazuie. Mwanamume aliyemwacha mke na watoto akaenda kulewa Uganda hakuulizwa lolote. Gunia la kahawa lilipita kwa karatasi. Mwanamke hakupita kwa karatasi. Alipita kwa mwanamume. Mwanangu, soma tena sentensi hizo tatu, kisha uniambie kama nizungumze kwa upole.

Kokugonza alizoea kusafiri na kaka yake, aliyekuwa karani Uganda. Safari ile, mwisho wa likizo ndefu, kaka yake aliitwa kazini mapema, na baba yao alikuwa mgonjwa kitandani. Akaja bandarini peke yake, na sanduku lake na barua ya chuo. Tulikuwa tumepanga tusimame mbalimbali kwenye foleni kama watu wasiojuana, mpaka meli ing'oe nanga. Mbele yangu walikuwepo watu watatu, na mbele yao alikuwa yeye.

Mzee wa getini alikuwa na koti la kaki na kiti cha kukunja. Aliipokea barua, akaigeuza nyuma na mbele, akamuuliza mume wake yuko wapi. Kokugonza akasema hana mume, anakwenda kusoma. Mzee akasema wote husema wanakwenda kusoma. Watu wakacheka. Mmoja nyuma yangu akadakia kwamba masomo ya kule hufanyika kitandani, wakacheka zaidi.

"Waitu, bwana mkubwa, barua hii imetoka chuoni," Kokugonza alisema. "Ina muhuri na jina langu."

"Barua si mwanamume," mzee akamjibu. "Nani anajibu kwa ajili yako?"

Hakunitazama. Hilo nataka ulijue. Alikuwa ameahidi kutonitazama, na hata hapo aliitunza ahadi. Ni mzee aliyenyanyua macho na kuiona beji kwenye koti langu, iliyofanana na ile iliyochapwa kwenye barua.

"Wewe kijana wa tai. Mnasoma mahali pamoja. Unamjua huyu?"

"Namfahamu kwa sura," nikasema.

Mzee akamrudishia barua na kumwonyesha njia ya mjini kwa kidole. Kokugonza akainua sanduku lake mwenyewe. Mimi nikapita. Hakuna aliyeniuliza nakwenda kufanya nini.

Meli nyingine ilikuwa ya juma lililofuata, na hata hiyo hakuipata, kwa kuwa alizungushwa siku nyingi kutafuta kibali cha mkuu wa kwao. Mtihani wa kuingia mwaka wa pili ulifanywa juma la kwanza la muhula. Alipofika ulikuwa umepita, na wakubwa wa chuo wakamwambia sheria ni sheria, nafasi yake imekwisha. Alikaa bwenini usiku mbili. Nilimwona akipita mbele ya maktaba, na nilikuwa na maneno tayari, lakini alipita kama mtu anayenifahamu kwa sura.

Miezi yote iliyofuata nilizipanga sababu zangu, maana mimi ni mtu wa kupanga. Lile baraza lililonisaidia ndilo lililomtuma yule mzee, na kulikuwa na uvumi kwamba kijana mmoja kabla yangu alinyimwa msaada kwa ajili ya msichana. Tena, kujitangaza mchumba mbele ya umati, kabla wazee wangu hawajafika kwao, kungekuwa tusi kwa familia yake. Juu ya yote niliweka jasho la baba: siwezi kupoteza kwa neno moja kile alichokibebea magunia miaka yote. Nilipoziweka pamoja sababu hizo, nilijiona karibu mtu mwema.

Nilirudi kwa Krismasi. Siku ya pili, tunakula, baba aliniuliza kama nilikuwa namjua yule binti aliyezuiwa getini. Nikasema ndiyo. Akauliza, kwa sura tu? Nikaanza kumweleza sababu zangu, na nilipofika kwenye jasho lake akasukuma sahani.

"Usiyatie magunia yangu kwenye woga wako," alisema. "Nilikuwa hatua kumi kutoka kwenu, nina mzigo begani. Niliona ulivyomtazama kabla hajafika kwa yule mzee, mimi si kipofu. Alitaka mwanamume mtu mzima wa kujibu. Ungesema huyu ni wetu, na baba yangu yule pale, ningetua gunia nikaja kuweka dole gumba. Kila mtu bandarini ananijua. Hukugeuza hata shingo."

"Nilidhani utakasirika, tata."

"Nimekasirika sasa."

Hakurudia habari hiyo mpaka alipofariki. Lakini nilielewa kosa la hesabu yangu. Katika sababu zangu zote baba alikuwa mzigo ninaoulinda. Hata mara moja sikumweka kama mtu anayeweza kunisaidia. Nilikuwa nimeona aibu kwa ajili yake kwa muda mrefu hata nikasahau kwamba ana sauti.

Mwaka wa tatu nilishindwa mtihani, nikarudishwa nyumbani bila cheti. Sisemi ilikuwa adhabu; hisabati haikuniingia, basi. Ninachokijua leo nimekisoma mwenyewe, kitabu kimoja kimoja, katika vitabu vya kuazima. Ila nakwambia ili ujue kwamba kile nilichokilinda kwa uongo hakikukaa.

Nilisikia Kokugonza anafundisha shule ndogo ya misheni upande wa Muleba. Nikaenda. Nilimkuta nje ya darasa, mikono ina chaki, na hakushtuka. Aliniletea kahawa ya kutafuna kama anavyoletewa mgeni yeyote, akakaa mbali kidogo. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

"Chai ipo, utakunywa," alisema. "Msamaha sina leo. Jamani bojo, yule mzee wa getini simlaumu sana. Yeye hakuwa ananijua."

Nilikunywa chai ile. Sijui nilirudije Bukoba.

Watu hunifariji kwamba alifundisha wasichana wengi wa Muleba, na ni kweli alifundisha. Lakini alitaka kufundisha walimu, na alikuwa na akili ya kufanya hivyo kuliko wote tuliopita getini siku ile. Sitaki faraja hiyo. Wewe pia usiitumie siku utakapomwumiza mtu, ukasema mbona baadaye alifanikiwa.

Mwanangu, unakwenda chuoni. Utapenda, na sikukatazi. Usijiulize kwanza kama mapenzi yako ni makubwa, maana kila kijana huyaona makubwa. Jiulize kama unaweza kulitaja jina la mtu huyo mbele ya yule anayeweza kukunyang'anya kitu. Kama huwezi, mwambie mapema, ili siku ya kuzuiwa asikutegemee. Mkikubaliana kuficha, kubalianeni pia ni wapi kuficha kunakoma. Sisi tulipanga mahali pa kusimama tu, na mimi nikaona hiyo inatosha.

Umaskini wa nyumbani usiufanye koti la kujifunikia woga. Wazazi wako hawakukulea ili uwe mwangalifu kiasi hicho. Waulize. Geuza shingo, huenda wako hatua kumi, wanasubiri uwaite.

Na mlango unapomzuia mwenzako na kukupitisha wewe, usifurahi kwamba umepita. Rudi uulize kwa nini. Uliza kwa sauti, hata ikitetemeka.

Mungu akupe akili ya darasani, na akupe kubwa zaidi ya kuitumia nje ya darasa. Akupe mtu wa kumpenda mchana mbele za watu. Na ikiwa meli itaondoka bila wewe kwa sababu ulisimama na mwenzako getini, basi Mungu akubariki hapo hapo ulipobaki, nchi kavu, na mimi nitakuja kukupokea sanduku.