Saini Bandia ya Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwepo wanne: Bwana Mkaguzi aliyekuwa bosi wangu, Bi Rukia mwenye duka, Mzee Kombo kipa wa zamani, na mimi, niliyeacha shule darasa la sita ili wadogo zangu wale. Dukani kwetu Temeke tuliuza jezi na mipira yenye saini za wachezaji, pamoja na vyeti vya kuthibitisha kwamba saini ni halisi.

Mzee Kombo alileta jezi aliyoisaini mwenyewe. Wakwe wa bintiye walimcheka kwamba hajawahi kudaka hata embe. Alitaka cheti awanyamazishe.

Bwana Mkaguzi akashika lenzi, akatazama mkazo, yaani nguvu ya kalamu kwenye kitambaa, kisha akalinganisha na mpira wa mfano wenye saini ya Kombo, uliokuwa kabatini.

"Bandia."

"Bandia vipi? Kombo si ndiye mie!"

"Hatukukagui wewe, mzee. Tunakagua saini."

Mzee Kombo akanyakua kalamu, akasaini upya mbele yetu. Bwana Mkaguzi akainama tena.

"Na hii pia. Tena aliyeghushi ni yuleyule."

Bi Rukia alicheka hadi akaegemea kaunta. Mzee Kombo akaugeuza ule mpira wa mfano.

"Huu kasaini mtunza jezi! Yote alitusainia yeye. Sie tulikuwaga mazoezini."

Bi Rukia akaacha kucheka. Mipira mingi ilikuwa imeuzwa kwa mfano ule.

"Binti," Bwana Mkaguzi akaniambia, "funga kabati."

Nikafunga. Baadaye nilihamishiwa tawi la Kinondoni, kisha Msasani, na bosi alipoondoka lenzi ikawa yangu. Wadogo zangu walisoma kwa kazi hiyo. Mzee Kombo hakuacha kuja, tawi lolote nilipokuwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimefanana?"

"Bado, baba. Karibu chai."

Kumpa cheti kungekuwa kukiri kwamba mfano wetu ni bandia; mipira yote ingerudishwa dukani, na duka lingefungwa.

Nilipostaafu nikasema sasa simwogopi mtu. Nikamwandikia cheti kwa mkono wangu, nikasaini, nikampelekea nyumbani kwake Tabata. Alikibusu.

Wakwe wakakipeleka dukani kikaguliwe. Mkaguzi wa sasa, kijana niliyemfundisha mwenyewe, akalinganisha saini yangu na zilizo kwenye vyeti vya zamani, ambavyo siku za wateja wengi alinisainia karani. Akanipigia simu kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama. Kuna mtu anaghushi saini yako."

Mzee Kombo bado ananidai cheti.