Fungu la Giligilani

Fundi cherehani huyu, mfumbe macho umpe vipande kumi vya kitambaa, atakutajia kila kimoja kwa kukipapasa tu. Lakini mtume sokoni akalete giligilani, atakuletea paseli, tena anakuja kifua mbele. Miaka thelathini ya ndoa, mkewe amekuwa akilinusa fungu pale pale mlangoni na kumwambia, "Baba watoto, rudi ukabadilishe." Naye hurudi, maana atafanyaje?

Mwezi huu akasema liwalo na liwe, lazima ashinde japo mara moja kabla hajafa. Akaenda kwa muuza mboga kusomeshwa.

"Hawa ni ndugu, ukoo mmoja na karoti," muuza mboga alimwambia. "Paseli rangi imekoza, ncha zake zimechongoka, shina gumu. Giligilani ni laini, kingo zake za mviringo. Ukishindwa kabisa, fikicha jani unuse. Giligilani haijifichi."

Fundi akafikicha wiki nzima, mpaka wateja wakalalamika kwamba suruali zao zinanukia mchuzi.

Jumamosi akatumwa. Akachagua fungu mwenyewe, akahakikisha mara tatu, akaingia nyumbani akijikaza asicheke. Mkewe akalinusa. Akalinusa tena.

"Baba watoto, rudi. Hii paseli."

Fundi akafungua mdomo. Hoja alikuwa nazo za kumwaga. Ndipo harufu ya kuungua ikamfikia: vitunguu vilishakuwa vyeusi sufuriani, na mkewe amesimama hatua mbili tu kutoka jikoni, hana habari. Fundi akakumbuka yale mafua yaliyomshika mkewe mwezi uliopita, na jinsi mchuzi ulivyokuwa ukizidi viungo tangu siku hiyo. Mtaa mzima unamsifu mwanamke huyu kwa pua yake. Moyo ukamuuma.

"Nimekosea tena," alisema. Akaipitia sufuria, akaitua chini, akatoka. Akazunguka mtaa mara moja, akarudi na fungu lile lile.

Mkewe akalinusa, kisha akamtazama usoni kwa muda.

"Hii ndiyo," alisema. "Kumbe unaweza."

Jumatatu fundi aliihamisha cherehani kutoka barazani, akaiweka kando ya mlango wa jiko. Alidai huko kuna mwanga zaidi. Jiko lile lina kidirisha kimoja kama leso, na mkewe, ambaye humbishia kila kitu, hakubisha.