Kiwanja cha Mpiga Plasta

Mpiga plasta yule hushika mwiko kwa mkono wa kushoto, na kabla ya kuanza ukuta huugonga mara mbili kwa mpini, kama anayebisha hodi. Kuta alizolainisha hazina idadi, lakini yeye amepanga vyumba viwili, na wenzake hawachoki kumwambia kinyozi hajinyoi. Kila akilipwa, hutenga kwanza ada ya Jumamosi: darasa la lugha ya alama kwa watu wanne, yeye, mkewe, mama mkwe na binti yao asiyesikia. Kodi hufuata, chakula hufuata, kiwanja hakifikiwi. Juzi msimamizi alileta fomu za viwanja vya kulipia kidogo kidogo, na mafundi wengine wote wakasaini.

“Fundi, acha hilo darasa mwaka mmoja tu. Mtoto atasubiri,” msimamizi akamwambia.

“Alisubiri miaka mitano ndipo tukaweza kumwambia jina lake,” akajibu. “Hasubiri tena.”

Akairudisha fomu, ina alama za vidole vyake vya saruji. Mchana binti alimletea chakula pamoja na mama yake. Alipomwona msimamizi, akachezesha vidole haraka haraka, akamalizia kwa kuchora tumbo kubwa hewani. Baba akacheka mpaka akaegemea ukuta mbichi, kisha akamjibu kwa vidole vyake vilivyopasuka.

“Amesemaje?” msimamizi akauliza.

“Jumamosi saa tatu asubuhi, bosi. Njoo darasani ujifunze.”