Nimekwenda Kutalii

Miti yake miwili ilichukuliwa asubuhi, majirani wakiona. Ilikuwa miti midogo ya vyungu, ile inayosimamishwa pande zote mbili za mlango kila mwezi wa Mei ili mgeni ajue kwamba ua wa nyumba hiyo uko wazi na kwamba anakaribishwa. Vibarua waliiburuta hadi kwenye mkokoteni, na Bwana Leandro, mkubwa wa kamati inayosimamia nyua zinazotembelewa na wageni, alisimama kando akivikagua viatu vyake.

"Bi Araceli, kanuni ni kanuni," alisema. "Umefunga mlango siku ya maonyesho bila ruhusa."

"Ruhusa niliiomba tangu Krismasi. Ukaniambia Mei haina likizo."

"Na kweli haina! Watu wanatoka Japani, mama, waje wakute kufuli?"

"Hawakukuta kufuli tu. Walikuta na tangazo. Walipolisoma walifanyaje?"

Bwana Leandro akavirudia viatu vyake. "Walilipiga picha," akakiri kwa sauti ya chini, na jirani mmoja aliyekuwa dirishani akaangua kicheko.

Tangazo lenyewe lilikuwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: NIMEKWENDA KUTALII. NITARUDI JIONI. Hilo ndilo kosa zima la Araceli Cañete, mjane na fundi cherehani mstaafu, mzaliwa wa Kordoba, mwanamke ambaye dunia nzima imepita nyumbani kwake naye hakupata kupita popote.

Jambo hili wageni hawalijui, na wanaolijua hulinyamazia. Nyua za Kordoba, zilizopambwa kwa vyungu vya maua, huchanua Mei, na Mei ndipo wageni huja. Kwa hiyo mwenye ua hawezi kutoka kwake wakati ambao nyua za wenzake ziko katika uzuri wao. Araceli aliwatembelea wenzake miezi mingine, akaona kuta tupu, magunia ya samadi na vyungu vilivyopinduliwa. Mji wake ukiwa umevaa nguo za sikukuu, yeye alikuwa mlangoni kwake akisema karibuni, karibuni, tahadhari na ngazi.

Mtu atauliza kwa nini asitoke alasiri, milango inapofungwa kwa mapumziko. Anayeuliza hivyo hajapata kumwagilia kuta nne zilizojaa vyungu hadi paani, kwa kopo lililofungwa kwenye ncha ya fito ndefu, shingo imepinda na maji yakimtiririka kwapani. Saa hiyo ya mapumziko ndiyo saa ya kazi, kwake na kwa wenzake wote.

Alivumilia bila kinyongo, maana aliupenda ua wake. Lakini mwaka huu Fuensanta, shoga yake tangu walipokuwa wanafunzi wa ushonaji, alimpigia simu na kumwambia kwamba wanawe wameiuza nyumba. Wanunuzi watageuza vyumba kuwa vya hoteli, na ua utaezekwa vioo uwe mahali pa kunywea chai. Hii ilikuwa Mei ya mwisho.

Na kwenye ukuta wa Fuensanta kulikuwa na jeraniamu ya mama yake Araceli, yenye maua mekundu ya kingo nyeupe. Mama alikata kipandikizi akampa Fuensanta siku ya harusi yake. Baadaye baridi ikaua mmea mama, na kila kipandikizi kilichorudishwa kwa Araceli kilikataa kushika, kwa sababu ua wake haupati jua la asubuhi. Ule wa Fuensanta ulikuwa umetambaa ukuta mzima, mzee mno kuhamishwa. Araceli hakuwa ameona maua yake tangu mama yake alipozikwa.

Ndipo akaandika tangazo, akavaa kofia ya majani na miwani ya jua, akavuka mji kwa miguu. Alipita taratibu. Alinunua askirimu. Aliingia ua wa mtu asiyemfahamu akashangaa kwa sauti, kama anavyoshangaa mgeni yeyote, na moyo wake ukawa mwepesi kama wa mwanafunzi aliyetoroka shule.

Kwa Fuensanta alipanga foleni. Msichana wa mlangoni, mwajiriwa wa kamati, alimuuliza, "Umetoka nchi gani, mama?"

"Ng'ambo ya kanisa kuu."

"Nauliza nchi, mama."

"Basi andika Japani, mwanangu, maana ndio wanaohurumiwa na kamati."

Ndani, alipofika kwenye ukuta ule, alisimama. Maua yalikuwa yamefunika chokaa yote, mekundu kwa kingo nyeupe, vilevile. Mkono wake ukaanza wenyewe kuchuma yaliyonyauka, kama ulivyozoea.

"Wee mama wa kofia!" sauti ikavuma kutoka kando ya kisima cha ua. "Macho tu! Mikono mfukoni!"

"Ungekuwa unachuma mwenyewe nisingegusa, mvivu mkubwa wee!"

Fuensanta alisogea, akamvua miwani, akapiga ukelele. "Shoga! Na kwako nani yuko?"

"Kufuli."

"Mwezi wa Mei? Watakuchinja!"

"Wachinje jioni. Saa hizi mimi mtalii. Nihudumie."

Fuensanta alicheka hadi akajifuta macho kwa aproni. Kisha akasimama wima, akawageukia wageni waliojazana, akatoa maelezo yake ya kila siku. "Huu hapa," alisema akiuelekeza mkono ukutani, "si wangu. Ni wa Bi Teodora, aliyekuwa akifua nguo za watu na kuimba kwa sauti mbaya kuliko zote mtaani. Alinipa kijiti hiki akaniambia: ukikiua, usinisalimie tena. Namtaja kila siku ya Mei, ili asije akanikatia salamu."

Bi Teodora alikuwa mama yake Araceli. Miaka yote hiyo, wakati yeye akiwakaribisha wageni upande wake wa mji, mama yake alikuwa akitajwa upande huu, mbele ya watu wa mataifa, na kuchekewa kwa upendo. Hili asingelikuta alasiri, mlango ukiwa umefungwa. Lilisemwa kwa wageni tu, na ilimbidi awe mgeni ili alisikie.

Alirudi jioni na kipandikizi ndani ya gazeti lililoloweshwa.

Kesho yake miti ilipochukuliwa, majirani walidhani atalia. Araceli alifagia pale miti iliposimama, akatazama jua la asubuhi likiangukia hapo hapo, nje ya mlango, mahali ambapo kamati ilimkataza siku zote kuweka chungu chake. Akaweka hapo chungu chenye kipandikizi kile. Kimeshika, kina majani mapya, naye hukaa kando yake kila asubuhi na kikombe cha kahawa, mlango ukiwa wazi. Wageni wanaingia vilevile.

Sasa enyi wa kamati, ninyi mnaouza tiketi za nyua msizomwagilia: mpeni kila mwenye ua siku yake moja ya Mei, aingie kwa wenzake bure na kwa heshima, kama mgeni. Rudisheni miti ya Araceli wiki hii, mchana, mbele ya majirani walewale. Na mtakapoirudisha, chungu kile msikiguse.