Pampu Iliyopimwa Kila Asubuhi

Mtaani walimwita Daktari wa Miguu, maana udaktari wake wote ulikuwa kutembea. Mwanamke yule alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, fulana imepauka, mkoba umejaa chupa tupu za maji alizozitoboa kitakoni kwa msumari wa moto. Pampu ya pumu inachomekwa kule kitakoni, mtoto anavuta dawa kwenye mdomo wa chupa. Ukitaka kucheka, cheka, lakini wenye pumu wote aliwajua kwa vikohozi vyao, kama fundi anavyozijua pikipiki kwa mlio.

Nyumba iliyomkosesha raha ni ya Bibi Sufi, mshona mito. Alijaza sufi humohumo chumbani alimolala na mjukuu wake wa kike, waliyemwita Kinda. Ukiingia unadhani wameanika mawingu, na kila unyuzi ulioruka, Kinda aliukohoa.

"Bibi, hii sufi itoe nje."

"Nje kuna upepo, mwanangu. Nikiitoa, mtaa wa pili watalalia mito ya bure."

Ikabaki pampu, ile ya bluu ya kumfungua mtoto kifua akibanwa. Zahanati ilikuwa imeishiwa, na hakuna aliyejua nyingine zitakuja lini. Hiyo moja ndiyo iliyokuwa kati ya Kinda na kaburi. Daktari wa Miguu akamshika bibi mikono, akamfundisha.

"Itikise. Halafu puliza moja hewani, uone kama inatoka."

Bibi akayarudia yote bila kukosea, akajisifu kwamba angesoma angekuwa mganga mkuu.

Mchana mmoja Daktari wa Miguu akaitwa mbio. Alimkuta Kinda ameketi kitandani kainama mbele, mbavu zinaingia ndani, midomo imeanza kuwa ya kijivu. Pampu imechomekwa kwenye chupa sawasawa.

"Nimempulizia mpaka kidole kimekufa ganzi," bibi akasema. "Na ni nzima hii, kila asubuhi naipima."

"Unaipima vipi?"

"Si ulivyonifundisha? Naipuliza hewani, kuelekea mlangoni. Siku nyingine mara mbili, roho itulie. Leo pia imelia fss."

Daktari wa Miguu akaichukua. Nyepesi kama ganda la karanga. Pampu hizi zina ujanja wake: dawa huisha, upepo wa kuisukuma ukabaki, nayo ikaendelea kulia fss kama kawaida. Dawa ya Kinda ilikuwa imeutibu mlango, asubuhi baada ya asubuhi.

Akambeba mtoto mgongoni, wakakimbia. Zahanati wakamwekea oksijeni. Rangi ikarudi kidogo, kifua kikagoma. Muuguzi akafungua kabati la dawa, akalifunga.

"Ya kufungua kifua sina, dada. Gari la wagonjwa nimelipigia, liko mbali. Na mtungi huu wa oksijeni unakaribia kuisha."

Bibi alikaa kwenye benchi, sufi bado imemganda nyweleni. Hakulia.

"Niambie ukweli, mwanangu. Nimekosea wapi?"

Daktari wa Miguu alitazama sakafu. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, na bibi aliyashika kuliko mtu yeyote aliyewahi kumfundisha.

"Hujakosea, bibi."

"Basi wakituletea nyingine, nitaipima vilevile."

Alifungua mdomo amsahihishe. Muuguzi akapita katikati yao, akagonga mtungi kwa kidole, akausikiliza. Wote wawili wakageuka kumtazama Kinda, ambaye sasa alikuwa akivuta pumzi kwa shingo.